Mbegu Zilizonuka Kunguni

Kila ninapokaanga mbegu kavu za giligilani, harufu yake tamu, inayokaribia ganda la chungwa, hujaa chumba changu cha kupanga, nami huona aibu kidogo. Niwaambie kwa nini.

Nilikuwa na miaka tisa, nikiishi kwa Bibi, kijijini Kinampanda. Shangazi Mwanaidi alikuwa aolewe baada ya mavuno, na Bibi alinikabidhi tuta la kotimiri, mmea uzaao giligilani, nyuma ya jiko. Nisichume majani, niiache izae mbegu za pilau la harusi. "Hili lako. Usiniangushe."

Basi usingizi ukaniisha. Nilipima maji kwa kopo, nikawinda magugu hata kabla hayajaota.

Majani yalinukia vizuri, kama mchuzi unaokaribia kuiva. Yakaja maua meupe, kisha mbegu ndogo za kijani. Nikaponda moja nikanusa. Kunguni! Yule yule unayempondea ukutani kwa kidole.

Nilijua kosa ni langu. Siku mbili nilikuwa nimevivia kwenda kisimani, nikamwagilia maji ya sabuni ya kufulia. Nikawaona akilini wageni wa harusi wakiziba pua. Bibi alipokwenda sokoni, nikaanza kung'oa. Aliporudi ilibaki miche minne, na mikono yangu ilikuwa ya kijani.

"Shikamoo Bibi," nikasema, kilio kikafuata.

"Marahaba. Kotimiri yangu imekukosea nini?"

Nikaungama yote, mpaka sabuni. Akaponda mbegu, akanusa, akacheka hadi khanga ikamdondoka begani.

"Mbona ndivyo zinukavyo zikiwa mbichi! Hata wewe ulipozaliwa hukunukia waridi, na hatukukutupa."

Akaitazama ile minne, akanitazama mimi. "Haya, endelea kumwagilia."

Wiki zikapita, mbegu zikageuka rangi ya udongo. Nilisugua moja kiganjani: kunguni hayupo, pilau limefika. Zote zilijaa kiganja kimoja tu. Nyingine Bibi alinunua. Shangazi alinitania hadi siku anaondoka: "Wewe, nusura niolewe kwa wali mweupe!"

Baadaye nilijisomea kwenye vitabu vya kuazima kwamba mafuta yaliyomo ndani ya mbegu hubadilika inapokomaa. Yale yenye harufu kali hupungua, yale matamu huongezeka. Hilo nililielewa upesi. Bibi ndiye aliyenichukua miaka kumwelewa. Nilidhani aliniachia ile miche kama adhabu, niamke kila asubuhi kutazama nilichoharibu. Leo naona kwamba, kama alichotaka ni kuiokoa tu, angeninyang'anya tuta, aimwagilie mwenyewe.