Nilisikia Kofi Lake

Nakumbuka Jumapili ile kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka upya. Ningependa kukusimulia kwa upole kama babu wa watu wengine. Lakini jana mezani ulicheka. Ulisema kwamba huko Nairobi unakojifunza jujitsu ya Kibrazili, mwenzako uliyembana alipiga kofi sakafuni kuomba umwachie, nawe ukaongeza kumbana kidogo ili akujue wewe ni nani. Miezi mitatu tu ya mazoezi! Nilinyamaza kwa sababu mama yako alikuwa anapakua chakula. Leo sinyamazi. Kaa.

Sisi hatukuwa na jujitsu. Tulikuwa na judo, tuliyofundishwa na Koplo Mokaya, polisi mstaafu wa Suneka aliyeipata huko alikofunzwa uaskari. Miaka ya sitini ilikuwa inakwisha. Koplo aliomba ghala tupu mjini Kisii, nyuma ya kiwanda cha mbao nilikokuwa kibarua. Tukamwaga vumbi la mbao sakafuni, tukatandika juu yake turubai kuukuu la lori, tukalikaza kwa misumari. Hapo ndipo sisi sita tulipojifunza kuanguka. Wiki tatu, kuanguka tu! Nilikuwa narudi kwetu Manga na vumbi masikioni, mama ananiuliza kama siku hizi tunalala chini ya msumeno.

Mwenzangu wa mazoezi alikuwa Salim, mtoto wa Mzee Athmani, fundi cherehani pale mjini. Salim naye alishona. Alikuwa mwembamba, mwenye vidole virefu, na sare nyingi za wanafunzi wa mji ule zilipita mikononi mwake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na mabega ya kubebea mbao, na kwetu hakuna kijana aliyewahi kuniangusha kwenye mieleka. Basi Salim akaniangusha siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Ananikalia, ananikaba kwa kola ya koti langu mwenyewe, nami nakataa kupiga kofi mpaka macho yanaingia giza na Koplo anamwamuru aniachie. Wenzetu walicheka. Salim hakucheka, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Alikuwa ananipa mkono niinuke, ananiambia, "Ukikaza mwili wote hivyo unanisaidia mimi. Legeza." Nilimchukia kwa upole huo. Nilikuwa nikibeba mbao huku nasaga meno, naona uso wake kwenye kila ubao.

Jumapili hiyo aliteleza. Turubai lilikuwa limekunjamana, mguu wake ukanasa, akaanguka chali, na mkono wake wa kulia ukabaki kifuani mwangu umenyooka. Nilijua la kufanya. Niliubana kwa mapaja, nikalala nyuma, nikainua kiuno ili kiwiko kipindwe kinyume. Salim akapiga kofi turubai, mara mbili. Nilisikia. Akapiga tena, sasa pajani mwangu, kwa nguvu. Mwanangu, nilisikia! Nikajiambia moyoni, ngoja kidogo, naye aonje. Nikainua kiuno tena.

Kiwiko kilitoa mlio, kisha Salim akapiga ukelele ambao hadi leo sitaki kuuelezea.

Koplo alinivuta kwa kola. "Hakupiga kofi?"

"Sikusikia," nikasema.

Aliniachia kola, akamwinamia Salim. Tukamfunga Salim mkono kwa mshipi, tukampeleka hospitali, kisha Koplo akanishika bega mpaka dukani kwa baba yake. Mzee Athmani alikuwa barazani anakata kitambaa. Koplo alipomweleza, nilijitetea tena. "Sikusikia, mzee. Kulikuwa na kelele."

Mzee aliweka mkasi chini. "Kijana, sikuulizi habari za kelele. Mwanangu alikuomba umwachie?"

Uongo wa tatu sikuuweza. "Aliniomba, baba. Nilimsikia."

Alipiga meza kwa kiganja, vipande vya chaki vikaruka. "Alikupa mkono wake ujifunzie! Mkono anaoshonea, mkono anaolia chakula! Akakuomba, ukasikia, ukavunja? Toka mbele yangu!"

Nje, Koplo ndiye aliyenimaliza. "Kuangusha watu, Salim nilimfundisha mimi," alisema. "Kumwinua mtu aliyeanguka sikumfundisha, hilo alikuja nalo kutoka kwao. Wewe umekuja na nini kutoka kwenu?" Niliwafikiria baba na mama, watu wa kanisa, watu wazuri, nikaona nimewaaibisha. Akaniambia nisikanyage turubai lake mpaka aniite, na kwamba kila nikitoka kazini niende pale dukani, kazi ambayo mkono wa Salim hauwezi niifanye mimi.

Siku tatu nilisimama barazani, mzee hanitazami. Siku ya nne akanisukumia pasi ya makaa bila salamu. Nilipiga pasi, nikashona vifungo, nikajidunga sindano, huku Salim akijifunza kukata kwa mkono wa kushoto. Majuma mawili Salim hakunisemesha. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Umeunguza kola." Nililipokea kama zawadi.

Miezi ikapita, Koplo akaniita. Salim naye alikuwepo, mkono wake wa kulia umepinda, na haukunyooka tena maisha yake yote. Alilala kwenye turubai, akaninyooshea mkono wa kushoto, ule mzima.

"Shika," akasema.

"Siwezi, Salim."

"Shika! Usiposhika nitajuaje kama umejifunza?"

Nilishika. Akagusa turubai kwa ncha za vidole, kidogo mno. Niliachia papo hapo. Machozi yakanitoka mbele ya watu wote. Hakunikumbatia wala kunibembeleza. Alisema tu, "Tena." Tukarudia alasiri nzima.

Alinisamehe, marehemu. Mimi bado nina hasira na yule kijana wa miaka kumi na tisa, na jana nilimwona amekaa mezani pangu, anacheka.

Basi nisikilize. Mwenzako anapopiga kofi, mchezo umekwisha, hata kama alikuaibisha mwezi mzima. Wewe ukibanwa, piga kofi mapema, wala usione haya. Anayekupa mwili wake ujifunze amekuamini kuliko wengi watakaokuamini maishani. Chukua simu umpigie yule kijana sasa hivi, nikiwa hapa. Usimwambie ulikuwa mzaha. Mwambie, nilisikia. Kisha mweleze na mwalimu wako.

Ukimaliza, njoo nikuwekee mkono kichwani. Mungu akulindie viungo vyako, mwanangu, na awalinde wote watakaojiweka mikononi mwako.