Taa Nyekundu za Pangoni

Nashon Okoth aliendesha treni ya mizigo kati ya Voi na Taveta miaka mingi, hata akawajua mbuzi wa stesheni ya Maktau. Kila mwisho wa mwaka aliomba ahamishiwe Kisumu, karibu na kwao, na kila mara aliambiwa asubiri. Hakunung'unika. Tangu ujana alifundishwa kwamba dereva hupita afunguliwapo njia, wala si apendapo.

Burudani yake ilikuwa sebuleni kwa jirani yake, Mwalimu Obadiah Mwandawiro. Mdogo wa Mwalimu, aliyekuwa baharia, alimletea kutoka Ulaya mashine ya michezo ya kuunganishwa na televisheni. Mwaka ule wa 1984 wengi wa Voi hawakuwa wameona kitu cha namna hiyo. Kaseti ilikuwa moja tu: chombo cheupe kikiruka angani kutoka kushoto kwenda kulia, nyota zimemwagika kama unga, na vilima vikipita chini yake kama milima ya Sagalla inavyompita msafiri wa treni. Nashon aliupenda mchezo ule kwa sababu ulikwenda mbele tu. Mchezaji alikwepa vimondo, akawapiga maadui wenye umbo la kaa, na akizubaa, mlima ulimmeza.

Aliucheza vizuri kuliko mwenye mashine, mpaka afike kwenye pango. Mlangoni mwake ziliwaka taa mbili nyekundu, pambo tu la fundi aliyeutunga mchezo. Kila alipoziona, mkono wake ulirudi nyuma wenyewe na mpini wa kuchezea, kama avutaye breki. Chombo kilizubaa, kikabanwa ukutani, kikapasuka.

"Bwana Okoth," Obadiah alimtania, "huko juu hakuna stesheni masta."

"Uambie mkono, Mwalimu. Mimi nimeshaelewa."

Kisha Obadiah akapata uhamisho ambao hakuuomba, kwenda shule moja ya Ronge ambako umeme ulikuwa haujafika. Mashine ingerudi kwa baharia, Mombasa. Jumamosi ya mwisho Nashon alikuja na mkewe, Rispa, kuwaaga majirani, lakini macho yake yalikuwa kwenye televisheni. Alitaka, walau mara moja, aone kilichoko ng'ambo ya pango.

Alijaribu, akapasuka. Akajaribu tena, mkono ukamsaliti vile vile. Rispa, aliyekuwa akinywa chai, aliweka kikombe chini, akamgeukia mumewe.

"Baba Awuor, si ufumbe macho?"

Obadiah alicheka, lakini Nashon hakucheka. Safari iliyofuata, taa zilipotokea, aliyafumba. Njia ya pangoni, aliyoiona mara nyingi kabla ya kupasuka, aliijua kwa moyo: juu kidogo, chini, mbele, mbele. Alisikia Mwalimu akivuta pumzi.

Alipofumbua, pango lilikuwa nyuma yake. Mbele palikuwa na nyota kama unga, kisha vilima, kisha kaa wale wale, ila sasa walikuja kwa kasi zaidi.

"Umerudi mwanzo," Obadiah alisema taratibu. "Kumbe mchezo ndivyo ulivyotengenezwa."

Nashon aliendelea kucheza kitambo, kwa heshima, kama mgeni anayemaliza chakula alichopakuliwa. Kisha akauweka mpini juu ya mkeka, akamshukuru mwenyeji wake na kumtakia heri Ronge.

Jumatatu asubuhi mabehewa yalikuwa yamekwisha kufungwa, lakini taa ya kuruhusu treni kutoka Voi ilikuwa nyekundu. Mkono wake ulirudi nyuma wenyewe, ukatulia kwenye breki. Nashon aliutazama mkono ule, asiufumbie macho, akasubiri.