Mwali wa Kibanda cha Kuni

Harufu ya mbao mbichi za msonobari inanichosha mpaka leo. Nikipita mahali wanapopasua mbao, hata hapa Lushoto mjini, miguu inakuwa mizito kabla sijajua kwa nini, na pua inaniletea vyote kwa pamoja: kuni zilizolowa ukungu, uji uliomwagika, mkojo wa mtoto wa mbwa, na koti la baba ambalo halikuwahi kukauka. Hiyo ndiyo Shume, kwetu milimani, ya mwaka ule nilipokuwa darasa la saba, msimu wa baridi, mahindi yetu yalipoanza kushika maziwa na kima wakahamia ukingoni mwa shamba kama wapangaji waliokwisha kulipa kodi. Watu wa huko chini wakisikia Usambara wanawaza matunda na hewa safi. Sawa, hewa safi ipo. Lakini hebu kaa shambani toka alfajiri mpaka jua linazama, ukungu umekuingia hadi kwenye mifupa, unagonga debe bovu, halafu njoo uniambie habari za hewa safi.

Shamba letu lilipakana na msitu wa kupandwa, na kima walikuwa wanashuka kutoka kwenye miti mchana kweupe, bila haraka, bila aibu. Kitu kimoja ambacho kila mkulima wa kule anakijua ni kwamba kima hamwogopi mwanamke. Akiona sketi au kanga anakutazama tu, anavunja hindi, anang'ata mara mbili, analitupa, anavunja jingine. Ndiyo maana mama alikuwa akienda kulinda amevaa koti la baba na kofia yake ya zamani, suruali juu ya nguo zake, mdogo wangu Shabani amefungwa mgongoni chini ya koti, na kwa mbali alionekana kama mzee mwenye kibiongo. Siku za mwanzo kima walidanganyika. Baadaye walimzoea, sijui walimtambua kwa sauti au kwa mwendo, wakaendelea na kazi yao. Baba mwenyewe alikuwa Muheza akipakia machungwa kwenye malori, na kuja nyumbani kulikuwa kwa kubahatisha. Kwa hiyo walinzi tulikuwa wawili, mama na mimi, na mama alikuwa pia na viazi vya kuchimba upande wa bondeni, kuni za kutafuta, na mtoto wa kunyonyesha. Siku akishuka bondeni, mimi nabaki na debe. Shule nilikuwa naenda kwa kuvizia. Mwalimu wetu wa hesabu alizoea kuniambia mbele ya darasa zima, "Mwanaidi, leo kima wamekupa ruhusa?" Wenzangu wanacheka, na mimi nacheka nao, maana ningefanya nini?

Basi katika hali hiyo ndipo tulipopata mbwa. Bwana misitu wa pale kwetu alipata uhamisho, na mke wake, ambaye mama alikuwa akimpelekea njegere, akasema hawezi kusafiri na mtoto wa mbwa kwenye lori la vyombo. Mbwa mwenyewe alikuwa jike, mweusi, masikio yameanguka, makucha makubwa kuliko mwili wake. Watoto wa mbwa wa kwetu walikuwa wakizaliwa chini ya uchaga na kukua wanavyojua wenyewe, anayepona amepona. Huyu alikuwa amekwisha kuchomwa sindano ya kwanza. Bwana mifugo, baba mmoja mpole aliyekuwa akizunguka vijiji vyote vile kwa pikipiki inayokohoa, alikuja kumwona akatupa masharti. "Shikamoo," nikamwamkia. "Marahaba. Sikilizeni. Huyu bado sindano mbili. Mpaka amalize, asikanyage nje wanakopita mbwa wengine. Kuna ugonjwa unawamaliza watoto wa mbwa, unakaa kwenye udongo muda mrefu. Mfungieni ndani."

Ndani! Mama alimtazama kama mtu aliyeambiwa afuge nguruwe. Sisi ni Waislamu, na mbwa kwetu ni wa nje, mate yake ni najisi, akilamba chombo unakiosha mara saba, moja kwa udongo. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili, na kimoja ndimo mama alimokuwa akisali. Lakini shida ya kima nayo ilikuwa imemfika shingoni. Akakubaliana na bwana mifugo kwamba mbwa atakaa kwenye kibanda cha kuni nyuma ya jiko, mlango utafungwa kwa kamba, na mimi ndiye nitakayempelekea uji na kufagia. Ndivyo nilivyompata rafiki. Nilikuwa nikiingia mle asubuhi kabla sijanawa, ananirukia, ananinusa masikio, mkia unagonga magogo ko, ko, ko, na mama kutoka jikoni anapiga kelele, "Mwanaidi! Usiguse kitu chochote mpaka unawe!"

Kijijini walitucheka mpaka wakachoka. Mbwa wa kufungiwa? Jirani yetu Mama Yohana, Mlutheri, mwenye mbwa watatu waliokuwa wakilala popote pale usingizi unapowakuta, kila akipita anasimama uani na kuuliza kwa heshima zote, "Mwali wenu hajambo? Anatoka lini tuje tucheze?" Kwa sababu ndivyo alivyokuwa akifungiwa msichana aliyevunja ungo, haonekani, analetewa chakula, mpaka siku yake ya kutolewa. Jina likanasa. Hata mama, ambaye hakutaka kumpa mbwa jina, akaanza kuniambia, "Kampe Mwali uji wake." Na Mwali alikua, jamani. Alikua kwa kasi, akabweka sauti nzito kupitia nyufa za mbao, na siku moja kima walioruka kwenye mparachichi nyuma ya nyumba waliposikia sauti ile waliondoka mbio mpaka matunda yakadondoka. Mama alisimama na mwiko mkononi akiwatazama wanavyokimbia.

Sindano ya pili haikuja. Bwana mifugo alisema dawa haijapanda kutoka Lushoto, inakaa kwenye barafu, na barafu nayo ina mambo yake. Tukasubiri. Akapita tena, akasema bado. Wakati huo mahindi yalikuwa yanaiva, kima wameleta na ndugu zao, mama amekonda mpaka koti la baba linamzunguka, na mimi nimekaa shambani karibu wiki nzima bila kuiona shule. Mwishowe mwalimu mkuu akamwita mama. Nilimsubiri njiani. Alirudi taratibu, Shabani amelala mgongoni, na nilipomuuliza wamesemaje alijibu kwa Kishambaa, kama alivyofanya kila alipokuwa hana nguvu ya Kiswahili, kwamba wamesema nikiendelea hivi mtihani nisihangaike nao. Akaingia jikoni. Chakula cha jioni ile kilikuwa viazi vya kuchemsha na chumvi, na mama alikula akiwa amefumba macho.

Asubuhi nilimkuta kwenye kibanda cha kuni. Ametandika gunia kwenye tenga, amemweka Mwali ndani, kichwa cha mbwa kimechomoza na masikio yake yale. Mama, ambaye alikuwa hamgusi yule mbwa hata kwa ncha ya kanga, amemshika kwa mikono yake miwili.

"Mama, sindano bado!" nikamwambia.

"Najua."

"Bwana mifugo alikataza."

"Alikataza njia wanakopita mbwa wa watu. Hatakanyaga njia. Nambeba. Shambani kwangu ni nyumbani." Akaliinua tenga, akajitwisha. "Wewe vaa sare."

Nilisimama pale nikimtazama anavyopotea kwenye ukungu, amebeba mbwa kichwani na mtoto mgongoni. Nilikasirika sana. Lakini nilivaa sare nikaenda.

Sitasema uongo, siku zilizofuata zilikuwa nzuri. Mwali alifungwa kamba ndefu kwenye kisiki pembeni mwa shamba, upande wa msitu, na kazi aliifahamu bila kufundishwa. Kima mmoja akitikisa tawi tu, yeye keshasimama, kifua mbele, anabweka mpaka miguu ya mbele inaondoka chini. Kima walikaa juu ya misonobari wakitutukana kwa lugha yao na hawakushuka. Mama aliwahi kushuka bondeni akachimba viazi kutwa nzima, akarudi hindi hata moja halijaguswa. Alinihadithia jioni huku anacheka, akaigiza kima mkubwa alivyokuwa akikuna kichwa, na sikuwa nimemwona mama akicheka hivyo tangu baba alipoondoka. Mimi nilikuwa darasani kila siku. Nilielewa sehemu na asilimia, vitu vilivyokuwa vimenipita kabisa. Nikirudi napitia shambani, namkumbatia Mwali, kisha naoga kama nilivyoamriwa.

Kitu ambacho mama hakukihesabu ni wapasua mbao. Walikuwa na mbwa wao, wakondefu, na mchana walipokuwa msituni mbwa wale walikuwa wakishuka kulala kwenye majani makavu pembeni mwa shamba letu, palepale kwenye jua kidogo. Walikuwa wakifanya hivyo miaka yote. Mama aliwazoea kiasi kwamba hakuwaona tena kama mbwa wa watu. Njia aliiepuka kwa kumbeba Mwali kichwani, halafu akamtua palepale walipokuwa wakilala na kujisaidia.

Siku Mwali alipokataa uji nilidhani amechoka. Kesho yake alitapika povu la njano, kisha akaanza kuhara damu, na ile harufu, yeyote aliyewahi kuisikia haisahau. Tulimrudisha kibandani kwa tenga lilelile. Bwana mifugo hakuwapo, alikuwa vijiji vya mbali. Mama Yohana alikuja, safari hii bila utani, akasema tumnyweshe maji ya sukari na chumvi. Na mama alikaa chini kwenye vumbi la kuni, akampakata Mwali mapajani, akawa anamtilia maji kwa kijiko pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, na yule mbwa anayatapika juu ya kanga yake. Ikifika saa ya swala mama anatoka, anachota udongo, anajisugua mikono, anaosha tena na tena kama ilivyoagizwa, anabadili nguo, anasali. Akimaliza anavaa ile kanga chafu, anarudi kibandani. Sijui alifanya hivyo mara ngapi. Baridi ilikuwa kali na maji yalikuwa ya kisimani, na vidole vyake vilipasuka.

Mwali alikufa mchana, kichwa kiko kwenye goti la mama. Bwana mifugo alifika baadaye, pikipiki inakohoa, chupa ya barafu imefungwa nyuma na sindano ndani yake. Mama alimkaribisha, akampa kiti, akamweleza kila kitu bila kujitetea hata neno moja. Yule baba alivua kofia yake. "Ni parvo, Mama Mwanaidi, ule ugonjwa niliowaambia," alisema. "Pole sana." Mimi sikuwa na adabu ya kusubiri mgeni aondoke. Nilimwambia mama mbele yake, "Wewe ndiye uliyemtoa!" Nilisubiri anichape kwa kumvunjia heshima. Hakunichapa. Aliinuka, akachukua jembe, akaenda kuchimba.

Kima walirudi kabla wiki haijaisha. Nilikaa tayari kuitwa, debe nimeliona pale mlangoni, lakini mama alilichukua yeye. Viazi vya bondeni vilivyobaki aliviacha ardhini mpaka vingine vikaoza, na yeye akashinda kwenye mahindi na koti la baba, Shabani mgongoni, kila siku mpaka tulipovuna kilichobaki. Mimi nilifanya mtihani, nikafaulu, nikaenda sekondari. Kwa muda mrefu nilichokumbuka katika msimu ule ni mbwa tu.

Sasa mimi ni mwalimu hapa mjini, na binti yangu ana mtoto wa mbwa. Nina uzio wa tofali na geti. Daktari wa mifugo nampigia simu, anakuja na boksi lake, anachoma, anakunywa chai, anaondoka. Bado sindano moja, na kila jioni nikirudi kazini nimechoka binti yangu ananishika mkono analia kwamba mbwa amefungwa kama mfungwa, amtoe kidogo tu, mpaka kwa jirani. Namwambia hapana. Analia dakika chache, ananyamaza, yamekwisha. Hapana yangu hainidai kitu zaidi ya kelele za mtoto, kwa sababu nyuma yangu kuna ukuta, kuna mshahara, kuna simu, na hakuna shamba linalonisubiri.

Juzi mama alikuwa kwangu. Alikaa kibarazani anamenya njegere, ameusikia ugomvi wetu mzima, na alipoondoka mtoto nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza, kwa nini siku ile alimtoa Mwali na hali alijua. Hakuuliza Mwali gani. Aliendelea kumenya, vidole vyake sasa haviko sawa, ganda moja linamchukua muda.

"Mmoja wenu ilibidi akae shambani," alisema. "Nikaona usiwe wewe."