Mtu wa Bati Sebuleni Kwetu

Mwaka ule nilikuwa nachoka kabla hata sijaamka. Sisemi hivyo ili nionewe huruma, ndivyo mambo yalivyokuwa. Nilikuwa nikiteka maji, nikiwasha moto, nikimvisha binti yetu na kumwacha kwa jirani, kisha nateremka kutoka Sekei hadi kiwanda cha kahawa. Huko wanawake tulikaa kwenye mabenchi tukichambua buni, nzuri huku, mbovu kule, mpaka macho yanatoa machozi yenyewe. Nyuma yetu alipita Mzungu mwenye soksi ndefu, akiangalia nani anasinzia. Jioni nilipanda kilima tena, mgongo ukiniuma, na nikifika nyumbani namkuta mtu wa bati amesimama sebuleni.

Neno roboti hatukuwa nalo. Tulimwita mtu wa bati, na binti yetu, aliyefundishwa kumwamkia kila mkubwa, alimwambia shikamoo kila asubuhi. Mtu wa bati hakuitikia, na mtoto akanilalamikia kwamba mgeni wetu hana adabu. Nilimwambia mgeni huyo ni wa baba yake, aende akamlalamikie yeye.

Mume wangu alikuwa fundi wa magari kwenye gereji ya Singasinga mmoja pale mjini. Ugonjwa huu wa mtu wa bati aliupata kwenye sinema ya Wahindi, alipokwenda na wenzake wa kazini wakakaa kwenye mabenchi ya mbele kabisa, shingo zimepinda. Alirudi hana maneno mengine. Kwenye picha ile, aliniambia, kulikuwa na mtu aliyetengenezwa kwa chuma, ametoka kwenye nyota, kifuani ana taa kubwa, na akiinua mkono watu wote wanakimbia. Nilimuuliza alikuwa anataka nini hapa duniani. Hakukumbuka. Alikumbuka viungo vya mabega tu, jinsi vilivyopishana.

Alirudi kuiangalia picha hiyo jioni baada ya jioni, mpaka wenye sinema walipoipeleka Moshi, kisha akaanza kumtengeneza yule mtu kwa kumbukumbu. Miguu ilitokana na madebe ya mafuta ya taa. Taa aliitoa kwenye lori lililokufa, mnyororo wa mkono kwenye baiskeli, na mota ndogo ya kuuvuta mnyororo huo ni ile inayofuta mvua kwenye vioo vya magari. Singasinga alimpa vitu hivyo bure, akicheka ndani ya ndevu. Sebule yetu ilinuka lehemu, na nilikuwa nikifagia vipande vya bati nikijikata vidole. Nililalamika, lakini bado ilikuwa ni lawama ya kawaida ya mke kwa mume. Wengine walikuwa na waume wanaolewa. Wangu alikuwa anagonga.

Halafu akafika kwenye kifua. Debe ni jembamba, na ukiunga madebe unapata mshono katikati, na yule wa kwenye sinema hakuwa na mshono. Siku moja nilirudi kutoka kiwandani nikakuta kanga zangu na nguo za mtoto zimepangwa kitandani, zimekunjwa vibaya vibaya, mikunjo ya mwanamume. Sanduku langu la bati halikuwepo. Nilikwenda sebuleni nikaliona. Lilikuwa limeshakuwa kifua, rangi yake ya samawati bado iko, na pale kwenye kifuniko pamekatwa tundu la duara la kuwekea taa.

Sanduku lile alininunulia mama yangu nilipoolewa. Alilibeba kichwani kutoka sokoni hadi nyumbani Machame, akikataa kusaidiwa, na mwaka uliofuata akafa. Mume wangu alijua. Alikuwepo mazishini, alishika koleo.

"Bati lake ni zuri," aliniambia. "La zamani. Halipindi ovyo. Nitakununulia jingine."

Sikupiga kelele. Labda ningepiga kelele mambo yangeishia hapo. Nilikuwa nimechoka mno, na hasira ya mtu aliyechoka haitoki nje, inakaa. Nilimwambia kitu kimoja tu: kahawa ikiisha msimu huu, mimi na mtoto tunakwenda kwetu, na kama hataniomba radhi kabla ya siku hiyo, hatutarudi. Aliendelea kufuta mikono kwa kitambaa chenye grisi. Sikurudia.

Nikaanza kungoja. Kwetu Machame anayeomba radhi huleta jani la isale, na ukishaletewa isale huna budi kusamehe, hata kama roho bado inauma. Mume wangu ni Mwarusha, lakini hilo nilikuwa nimemweleza tangu uchumba, na isale lilikuwa limeota kwenye ua wa jirani yetu Mmeru, hatua chache kutoka mlangoni. Kila jioni nilipofika nilitupa macho kwenye ua ule kuona kama kuna jani limekatwa. Yalikuwepo yote. Niliona aibu kujikuta nayachunguza majani ya watu, lakini niliyachunguza. Nilikuwa nampenda, tena nilikuwa nataka kubaki. Ila sikuweza kubaki bure.

Yeye akaendelea na mtu wake. Siku alipomwunganisha na betri, majirani walijaa mpaka nje. Taa iliwaka kifuani, mkono ukapanda taratibu ukilalamika kwa sauti, watoto wakatimua mbio kama alivyotaka. Mwinjilisti wetu alimzunguka yule mtu, akauliza kama ana roho. Mume wangu akasema ana betri. Watu walicheka, nami ningecheka pia, maana lilikuwa jibu zuri, lakini nilikuwa nimesimama mlangoni na mtoto mgongoni nikiliangalia sanduku la mama likiwaka. Aligeuka akaniona. Nadhani alikuwa anataka niseme kitu. Niliingia jikoni.

Msimu ukawa unakwisha. Kiangazi kilikuwa kikali, Mlima Meru uko wazi mpaka kileleni, vumbi la barabara linafika magotini. Kiwandani walikuwa wameshaanza kutupunguza. Jioni moja nilirudi nikamkuta mume wangu amekaa kwenye kigoda, amevaa shati lake la kanisani, siku ya kazi. Mtu wa bati alikuwa amenyoosha mkono kuelekea mlangoni, na katika vidole vyake vya bati kulikuwa na konzi ya nyasi mbichi.

Mume wangu aliniangalia.

Nami nilikuwa nimesimama benchini tangu asubuhi, maana siku hiyo nafasi ya kukaa sikupata. Nilichoona ni uchafu mwingine ndani ya nyumba, na mimi ndiye mfagiaji.

"Siku hizi anakula?" nikauliza.

Nilizichomoa zile nyasi vidoleni mwake, nikazipeleka nyuma ya nyumba, nikampa mbuzi wetu. Mbuzi alizila kwa furaha kubwa, kiangazi kile. Nilipogeuka, mume wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma akimtazama mbuzi anavyotafuna.

"Sawa," alisema.

Basi. Tangu jioni ile alilala kwenye mkeka sebuleni. Hakumwasha tena mtu wake. Asubuhi aliondoka mapema, jioni alirudi akala alichokuta, akanishukuru kwa adabu kama mpangaji. Nilijiambia kwamba ndiyo hivyo, amechagua, hataki kuniomba radhi, na juu ya hayo amenuna. Siku ya mwisho ya kahawa ikafika, wakatulipa, tukaagana. Nikaanza kukunja nguo. Sanduku sikuwa nalo, kwa hiyo nilizitia kwenye gunia la buni nililopewa kiwandani, na nilipokuwa nazishindilia ndani yake nililia, si kwa uchungu tu, bali pia kwa aibu ya kurudi kwetu na gunia.

Jumapili, kabla ya siku ya kusafiri, mume wangu aliondoka asubuhi na mtu wa bati amemlaza kwenye mkokoteni, amefunikwa turubai. Sikumuuliza anampeleka wapi. Mchana akafika mama mkwe kutoka upande wa Kisongo, kwa miguu, na kibuyu chake cha maziwa.

"Takwenya, yeyo," nilimwamkia kwa Kimaa.

"Iko," aliitikia, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye gunia. "Hii nini? Nani anahama?"

Kiswahili chake kilikuwa kidogo na Kimaa changu kilikuwa kidogo zaidi, lakini siku ile tulielewana. Nilimpa chai, nikamwambia yote. Nilimwambia habari ya sanduku, akasikitika, akasema mwanawe ana kichwa cha punda tangu utotoni. Nilimwambia nilivyongoja radhi isije. Mwisho, ili ajue nimevumilia kiasi gani, nikamwambia kwamba mwanawe alifikia hata kuleta majani ya mbuzi sebuleni na kulishikisha lile bati lake.

Mama mkwe aliweka kikombe chini.

"Majani gani?"

"Nyasi tu, yeyo."

"Alishika yeye?"

"Alimshikisha mtu wa bati. Mkono umenyooshwa hivi, mlangoni. Yeye amekaa pembeni, kimya, na shati la kanisani."

"Ukafanya nini?"

"Nikampa mbuzi."

Alijifunika uso kwa shuka lake. Nilidhani analia, baadaye nikaona mabega yanatikisika, na sikujua kama ni kilio au kicheko, nadhani hata yeye hakujua.

"Mwanangu," alisema, "kwetu mtu akishika nyasi, amesema nimekosa, tuache. Hata watu wenye mikuki, akiona mwenzake ameshika nyasi, anashusha. Yeye ameona haya kushika mwenyewe, amempa yule wake ashike. Na wewe umempa mbuzi, na yeye anaona."

Nilimjibu kwamba mwanawe amebatizwa. Sikuwahi kumwona akifanya jambo lolote la kimila, hata mate ya baraka ya wazee wake aliyakwepa. Ningejuaje?

"Amebatizwa kichwa," alisema. "Zilikuwa kavu, hizo nyasi?"

"Mbichi."

Aligeuza uso kuangalia nje, kwenye vumbi, kwenye kilima kilichokauka chote. "Basi amezifuata mbali," alisema.

Hapo ndipo moyo ulipokatika. Nilimwachia mtoto, nikatoka bila hata kubadilisha kanga. Pale Sekei hapakuwa na jani moja la kijani. Nilipanda juu, nikafuata mfereji uliokuwa bado na maji, mpaka nikapata mahali penye unyevu, nikang'oa nyasi kwa mikono yote miwili pamoja na mizizi na tope. Sikujua kama mwanamke anaruhusiwa kumshikia mwanamume nyasi. Sikujua kama aliyekwisha kukataa anaweza kurudi nazo. Sikumuuliza mama mkwe kwa kuogopa ataniambia haiwezekani.

Niliteremka hadi gereji. Ilikuwa imefungwa, lakini nyundo ilikuwa inasikika uani, nikaingia kwa mlango wa nyuma. Mume wangu alikuwa amechuchumaa kwenye jua kali, mgongo wote umelowa jasho. Mtu wa bati hakuwepo tena. Miguu ya madebe ilikuwa imetupwa ukutani, mkono na mnyororo wake uko peke yake juu ya turubai. Kifua alikuwa amekifungua, amekinyoosha, na sasa alikuwa anakipinda upya kwenye kona, akigonga polepole kwa nyundo ya mti ili rangi isipasuke. Lilikuwa linarudi kuwa sanduku. Kwenye kifuniko, pale penye tundu la taa, alikuwa ameziba kwa kiraka cha debe, na kiraka kilikuwa kinang'aa.

Hakunisikia. Nilisimama pale na nyasi zangu. Hatimaye aliinua kichwa. Aliangalia uso wangu tu, mikono hakuiona.

"Linakaribia," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kunizidi. "Nilitaka usiende kwenu na gunia."

Nikanyoosha mikono. Tope lilikuwa linadondoka kwenye miguu yangu. Aliziangalia nyasi zile, kisha akaniangalia mimi.

"Mama amekuja," alisema.

"Amekuja. Sikujua, baba. Naapa sikujua. Nilidhani ni majani."

Alibaki amechuchumaa vilevile na mkono mmoja umeshika kona ya sanduku la mama yangu, mwingine nyundo, kana kwamba lazima alimalize kwanza ndipo apate ruhusa ya kunyoosha mkono.

"Weka nyundo chini," nilimwambia. "Hakuna anayesafiri."