Nyumba Aliyoifahamu Kaka

Kaka yangu mkubwa alitoka asubuhi moja kwenda kutafuta kibarua viwandani, na hakurudi. Tulimtafuta katika vituo vya polisi, hospitalini na katika vyumba vya maiti. Hatukupata hata mtu wa kusema alimwona.

Tuliishi katika nyumba ya zamani ya baraza la jiji, chumba kimoja na jiko, karibu na soko la Jericho, Nairobi. Tangu siku ile mama hakulala nje ya nyumba hiyo. Tulipokwenda kwetu Magharibi kwa mazishi au harusi, yeye alibaki. Wazee wa ukoo walitaka tuzike mgomba, kama tunavyofanya kwa mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Mama alikataa. Kila jioni alikuwa bado anamwekea mwanawe chakula.

Kisha tukasikia kwamba serikali imetenga fedha za kuujenga upya mtaa wetu. Nyumba kuukuu zingebomolewa, maghorofa yajengwe, nasi tusaidiwe kupanga kwingine hadi turudi. Mimi nilifurahi. Paa letu lilivuja, na choo tulichotumia pamoja na majirani kilifurika kila msimu wa mvua. Sikumweleza mama furaha yangu.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa mtaa. Wengi walitaka kujua kama kweli watarudishwa, au nyumba watapewa watu wengine. Mama alisubiri wanyamaze, akasimama.

“Mwanangu akirudi,” alimuuliza afisa wa mradi, “atamkuta nani hapa?”

Afisa, kijana mpole, alidhani ni mtu aliyesafiri. Akaeleza kwamba wapangaji wote wangejulishwa kwa simu. Jirani yetu, mama mmoja Mkikuyu aliyetuona tukizaliwa, akamsogelea na kumnong’oneza. Kijana akaishusha maiki.

Mkutano ulipoisha alikuja hadi mlangoni kwetu. Hakuketi. Alisema, “Mama, lile swali lako sina jibu lake.” Mama alimpa chai, akainywa akiwa amesimama. Baadaye mama aliniambia kwamba huyo alikuwa wa kwanza kutomdanganya kuhusu mtoto wake.

Mama alihama wa mwisho katika safu yetu, akaja kuishi nami katika chumba nilichopanga kwingine. Siku ya kubomoa aliniomba nimpeleke. Tulisimama nje ya uzio wa mabati pamoja na majirani, na kupitia penye lango tuliona tingatinga likifika kwetu. Ukuta haukuleta ubishi wowote. Ulilala chini, na kwa muda rangi ya buluu ya chumba chetu ilionekana juani, pamoja na misumari tuliyotundikia nguo. Kisha navyo vikafunikwa.

Nilimshika mkono nikitarajia kilio, lakini hakulia. Alitazama hadi vumbi likatua.

“Mpigie mjomba wako simu,” akasema. “Mwambie atafute mgomba.”

Tulisafiri wiki hiyohiyo. Shina la mgomba lilifungwa kwa shuka, likawekwa katika jeneza dogo, na mchungaji akasoma jina la kaka yangu kama anavyosoma la marehemu yeyote. Hapo ndipo mama alipolia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na wanawake wa kwetu wakamwacha alie hadi akachoka. Usiku huo alilala kwa shangazi bila kuuliza habari za Nairobi.

Ujenzi ulichukua miaka, ukisimama na kuendelea, nasi tulikuwa tumeanza kukata tamaa mama alipopewa nyumba yake. Iko ghorofa ya juu, ina vyumba viwili, na choo ni chake peke yake. Magoti humsumbua lifti inapoharibika. Ukumbi wa zamani haupo tena, na yule jirani yetu alifariki kabla ya kupewa funguo.

Juzi nilimkuta na mgeni, mwanamke aliyehamia mlango wa pili. Alikuwa akiitazama picha ya kaka ukutani, akauliza huyo ni nani.

“Ni kifungua mimba wangu,” mama alisema. “Tulimzika nyumbani.”

Akammiminia chai, akamuuliza kama kwake maji yanapanda vizuri.