Nilivyopeleka Jembe la Posa la Silvesta

Nilipokuwa darasa la tatu mwalimu alinituma Matai kuchukua chaki. Nikaenda kwa miguu. Njiani nikakuta msiba, nikaketi kidogo nipumzike, mtu akaniletea ugali wa ulezi, na kwa kuwa nilishakula nikaona haya kuondoka kabla ya kuzika. Walipomaliza kuzika wakanihesabu pamoja na wajukuu wa marehemu, wakaninyoa. Nilikaa siku tisa. Niliporudi Msanzi mwalimu alikuwa ameshapata chaki kwingine, na jina langu ameshalikata. Shule yangu ikaishia hapo. Lakini watu wakasema, mtu anayekaa siku tisa kwa wasiomjua mpaka wakamfanya mjukuu, huyo anafaa kutumwa. Basi nilipokua nikawa mshenga wa ukoo. Nimeposea vijana wengi. Wengine wameachana, hilo si kosa langu.

Ndiyo maana shemeji Anastazia, mjane wa kaka yangu, alinijia mimi. Mwanawe Silvesta yuko Afrika Kusini mwaka wa saba sasa, anapika hotelini.

“Shemeji, Silvesta kafunga ndoa serikalini.”

“Hongera! Mkwe wetu nani?”

“Anaitwa Rashidi. Mtoto wa Kirando.”

Akanieleza kwamba huko sheria inawaruhusu wanaume wawili, na cheti wamepewa. Hapa kwetu sheria haiwatambui, tena inawafunga jela. Silvesta amesema hakanyagi nyumbani mpaka nyumba hizi mbili zijuane.

“Nami nataka kumwona mwanangu,” akasema. “Nenda kaposee.”

“Kuposa, na wameshaoana?”

“Wangapi umewaposea wakiwa na watoto tayari?”

Hapo alinishinda. Jambo lenyewe sikulipenda, nasema kweli. Nilikwenda kwa sababu ya uso wake.

Asubuhi nilifika Sumbawanga kununua jembe, maana kwetu mshenga haendi mikono mitupu: hupeleka jembe jipya, na nyumba ikilipokea, mmekuwa wakwe. Mwenye duka, mama mmoja wa Kiislamu mchangamfu, akaniamkia.

“Shikamoo mzee. Jembe la kulimia au la posa?”

“Marahaba. La posa.”

Akanichagulia lisilo na mpini, linalong’aa, akalifunga kwenye khanga. Sasa ukipanda basi na kitu kama hicho mapajani, hakuna asiyejua unakokwenda. Kabla hatujatoka mjini mama wa kiti cha nyuma alishaanza.

“Baba, bibi harusi wa wapi?”

“Kirando.”

“Mzuri?”

Nilitafuta neno ambalo si uongo. “Ana mabega,” nikasema, nikajuta papo hapo. Basi zima likapiga vigelegele.

Saa sita mchana tulishuka Namanyere kula. Nikaingia mgahawani, nikaweka furushi langu mezani. Mbele yangu alikaa mzee mwenye kofia ya kiua, anakula samaki, na pembeni yake kuna furushi kama langu, la kitenge. Tukatazamana.

“Unaposea wapi, mzee mwenzangu?”

“Kirando. Na wewe?”

“Msanzi. Kwa mjane mmoja, Anastazia.”

Chai ikanipalia. Alikuwa Mzee Hamisi, mshenga wa kina Rashidi. Mama yake Rashidi naye alikuwa amemtuma, kwa shida ileile, na jembe kama lilelile.

“Rudi na lako,” nikamwambia. “Upande wa mume ni sisi.”

“Acha utani, bwana. Mume ni Rashidi wetu.”

“Silvesta ndiye mume!”

“Haya, wote waume. Sasa jembe anapokea nani?”

Mama wa mgahawa aliacha kukaanga, akashika kiuno kutusikiliza. Tukaona heri tuwapigie wenyewe. Silvesta akapokea.

“Baba mdogo, shikamoo.”

“Marahaba. Mke nani kati yenu?”

“Hakuna, baba mdogo. Cheti kimeandika wenza.”

“Wenza hawapelekewi jembe!”

Akacheka. Halafu nikasikia analia, akauliza kama mama yake ni mzima. Nikamwambia ni mzima, nikampa Hamisi simu aendelee.

Tulikaa pale mpaka alasiri. Mwisho tukabadilishana: mimi nikachukua la kitenge, yeye akachukua la khanga. Tukaagana kama wakwe, kila mmoja akarudi alikotoka. Nimezunguka na majembe maisha yangu yote nikidhani naomba ruhusa ya ndoa. Namanyere ndipo nilipojua kwamba vijana hufunga ndoa niwepo nisiwepo. Mimi huenda kuwaombea wazee wao wajuane tu.

Kesho yake mchana, Msanzi, ukoo ulikuwa umeshajaa uani kwa kaka Fransisko, mkubwa wetu. Nikaweka jembe la Kirando mkekani. Wakapiga kelele. Mmoja alilia kwamba ni wanaume, mwingine kwamba ni Mwislamu, wa tatu akauliza kama hao wa ziwani wanajua hata kulima. Fransisko akanyoosha mkono.

“Jembe halijagusa udongo, linarudishika. Lirudishwe, na Silvesta afutwe ukooni.”

Wakaendelea kubishana nani alirudishe. Tulipogeuka, mkeka ulikuwa mtupu. Nyuma ya nyumba tukasikia mtu anagonga mpini. Anastazia alikuwa ameling’oa jembe kuukuu la Fransisko mwenyewe, amechomeka lile jipya, na analima shamba la maharage, jasho linamtiririka, simu ameibana begani. “Sikiliza, mwanangu,” anasema, “hilo ni la wakwe zako, linalima.”

Fransisko akanigeukia. “Wewe ndiye mshenga. Simama hapa mbele ya ukoo useme hukuleta jembe lolote. Useme Kirando walikataa.”

Nikachukua kofia yangu, nikaivaa, nikapita katikati yao bila kujibu, nikatoka uani. Walidhani nimekwenda kujisaidia. Sijarudi kwenye kikao kile mpaka leo.