Chupa ya Achari

Wallahi, hadi leo nikifika karibu na ile maabara ya Shika Adabu, hapa kwetu Likoni, navuka barabara, mtu mzima mwenye shahada mbili, kwa aibu ya chupa ya achari.

Daktari alitaka damu yangu ipimwe sukari, maradhi yaliyomchukua mama. Nami sindano siziwezi. Utotoni, kila nilipodungwa, mama alikuwa akinifumba macho kwa kiganja chake kilichonukia asumini na kuniambia, "Mtafute kunguru, mwanangu," nami nikimtafuta ndege huyo mweusi gizani mpaka mambo yaishe. Sasa mama hayupo, basi nikawa naahirisha tu, hadi nikasoma kwamba ughaibuni kuna kidude kinabandikwa mkononi, kinanyonya damu, na mtu hahisi kitu. Nilikitamani kama mchumba! Lakini Likoni hakijafika, na hapo ndipo elimu iliponiponza: kunyonya damu si ndiko kuumikwa? Nikaenda Bofu kwa Bi Rukia muumikaji, akanichanja akanibandika vikombe mgongoni (kisu nisichokiona sikiogopi), nikamwomba damu anitilie katika chupa ya achari niliyoiosha mwenyewe, ikalala kwenye friji, asubuhi nikaikabidhi maabara kwa fahari.

Msichana wa maabara akaiinua juu, foleni nzima inatazama.

"Mzee, hii ni damu au halua?" Akaitikisa, haikutikisika. "Na mbona ina mbegu za pilipili?"

Watu wakaangua kicheko. Bibi mmoja akasema, "Mwacheni baba wa watu, kajiletea chakula cha mchana!"

Nilijaribu kucheka nao, lakini msichana alikwisha kutoa sindano, nikaiona, nikaanguka.

Nilipozinduka nimelazwa kwenye benchi, na yule bibi amenifunika macho kwa ncha ya leso yake. Haikunukia asumini, ilinukia vitunguu.

"Usitazame, mwanangu," akasema.

Mwanangu! Nina mvi kidevu kizima. Nikamtafuta kunguru humo gizani, na kabla sijampata nikamsikia msichana wa maabara, "Tumemaliza, mzee."

Sukari ninayo, kama mama. Kila asubuhi najidunga kidole huku nimegeuza uso ukutani. Damu kwenye chupa ya achari nimeapa sirudii, na kile kidude bado nakingoja. Kikivuka kuja Likoni, inshallah nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Ila sidhani kama kinajua kumfumba mtu macho.